Taarifa ya Mwenyekiti 2024: mwaka tuliomzika Dedek

Ndugu wanachama, shikamooni wazee wetu, habari zenu akina mama na vijana, na nyie wa Akron mliokuja na theluji yote hii barabarani poleni sana na asanteni kwa kufika. Katiba ya chama chetu cha kusaidiana hapa Cleveland, Ohio, inasema mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla mweka hazina hajafungua daftari lake, na mimi ntaisoma, ila niwaambie mapema kabisa, hii karatasi nimekaa nayo mezani siku tatu na kila nikianza kuandika mambo ya ada na vikao mkono unaenda wenyewe kwa Dedek, mpaka mke wangu akaniambia mwandike tu, si ndo mwaka wenyewe ulivyokuwa. Basi nimemwandika.

Ya kawaida niyamalize kwanza, hayana maneno mengi. Mwaka huu tulizika wanachama wawili hapa Cleveland, wa tatu ni yeye, na tukatoa rambirambi kwa familia sita zilizofiwa nyumbani, kuna za Fizi, Uvira, Bujumbura, na wengine ndugu zao bado wako kambini Nyarugusu, Tanzania. Hakuna mfiwa aliyesubiri hela zaidi ya siku tatu, na hilo nalisema kifua mbele kabisa maana mnakumbuka zamani tulikuwa tunapitisha kofia msibani, mtu kafiwa na mama yake halafu amekaa pembeni anaangalia nani katoa na nani kajifanya anaongea na simu. Ada imebaki dola 15 kwa mwezi. Wanaodaiwa wapo, majina siyasomi, mnajijua, mweka hazina amekaa pale kona karibu na chupa za chai. Vijana wanne wamemaliza haiskuli, hongereni wazazi. Masomo ya leseni ya udereva yaliendelea kila Jumanne isipokuwa mwezi wa saba tulipokosa mwalimu. Hayo ndo ya kawaida.

Sasa Dedek. Wale mliojiunga juzi juzi mmesikia hilo jina linatajwa tangu mmeingia na picha yake mnaiona pale mbele, yule mzee wa masharubu meupe anayecheka kama vile kaona kitu nyuma ya mpiga picha. Hakuwa Mkongo, hakuwa Mrundi wala Mtanzania. Alikuwa Mslovenia, kazaliwa 1938 kijijini karibu na mji wa Kranj, chini ya milima, na akaishi hapa Cleveland miaka 75. Slovenia ni nchi ndogo, imebanwa katikati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia, watu wake milioni 2 na kidogo, Dar es Salaam peke yake inawazidi mara mbili, lakini Cleveland hii tunayoishi ndo mji wa Marekani uliobeba Waslovenia wengi kuliko mwingine wowote. Walianza kuja zaidi ya miaka 130 iliyopita kufanya kazi viwanda vya chuma, wakajaza St. Clair Avenue yote na baadaye Collinwood na Euclid, wakajenga makanisa, wakajenga kumbi, na mtoto wao mmoja, Frank Lausche, akawa meya wa mji huu, akawa gavana wa Ohio, akawa seneta. Dedek alikuwa akiwaonyesha watoto wetu picha ya Lausche anawaambia mwangalieni vizuri huyu, hata yeye nyumbani kwao Kiingereza kilikuwa cha shuleni tu.

Hilo jina Dedek lenyewe lina hadithi. Mwanzoni watoto wetu kwa adabu tulizowafundisha walimwita Baba, Baba shikamoo, Baba naomba maji, na yeye kila akiitwa anacheka mpaka anashika meza. Sisi hatuelewi kinachomchekesha. Mwisho akatueleza kwamba kwa Kislovenia "baba" ni bibi kizee, tena si bibi wa heshima, ni yule mkali anayefukuza watoto kwenye miti ya matunda. Akasema, nimefanya kazi kiwandani miaka arobaini na nimeitwa majina yote yaliyopo duniani, lakini bibi kizee ndo mara ya kwanza leo. Tukamuuliza sasa tukuite nani, akasema kwetu babu ni dedek. Basi ikabaki Dedek mpaka kaburini, hata wanawe wenyewe siku za mwisho walikuwa wakiongea na sisi wanasema Dedek wenu.

Tulimpata 2016. Ukumbi tuliokuwa tunapanga kabla ya hapo, siutaji, walituambia watoto wetu wana kelele tusirudi tena, na tulikuwa na msiba wiki hiyohiyo, mnakumbuka hali ilivyokuwa, watu wamekaa kwenye magari na mwili bado uko mochwari. Mtu mmoja akatuelekeza kwenye ukumbi wa Waslovenia. Aliyekuwa na funguo ni yeye, mstaafu anayejitolea, anapika Ijumaa, anafagia Jumamosi. Akauliza mko wangapi, tukasema mia moja. Tukafika karibu mia mbili. Mi nilishajiandaa kufokewa, nimeshika na hela ya ziada mkononi, yeye akasimama mlangoni anaangalia watu wanavyozidi kuingia, akasema, nyie ni kama sisi, mkisema mia mnamaanisha mia pamoja na majirani zao. Halafu akaingia jikoni akaongeza maji kwenye sufuria la supu ya ng'ombe aliyokuwa anawapikia wazee wenzake wanaocheza karata chini, akaongeza na tambi, akasema supu haijui kuhesabu. Wafiwa wote walikunywa ile supu. Hiyo ndo siku chama chetu kilipata nyumba, hata kama mkataba tulisaini miezi miwili baadaye.

Halafu kuna ile ya saa, hii najua wengi mnaijua ila iandikwe kwenye taarifa ibaki. Katibu wetu wa wakati ule alikuwa mgeni Marekani, akamtumia Dedek meseji ya kikao cha Jumamosi, kichwani anafikiria saa nane mchana kama sisi sote, akaandika kwa Kiingereza nane. Mzee wa watu akafungua ukumbi saa mbili asubuhi, ile nane yao, mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio, akawasha hita, akachemsha kahawa, akakaa. Tumefika saa nane tunamkuta kalala kwenye kiti na kofia usoni. Tulivyoelewa kilichotokea tulitaka kujificha kwa aibu. Yeye akasema, mmenichelewesha saa sita tu, mimi Marekani niliisubiri kambini miaka minne, kwa hiyo nyie mko vizuri. Wiki ya pili yake akaja amevaa saa mbili. Ya mkono wa kulia ya Marekani, ya mkono wa kushoto ameirudisha nyuma saa sita iwe ya Waswahili, na ukimuuliza saa ngapi anaangalia ya kulia, anaangalia ya kushoto, anasema zote mbili zinasema nimechelewa kula. Toka siku hiyo hajazivua. Na toka siku hiyo, niseme ukweli, watu wetu walianza kuwahi vikao, maana nani atamchelewesha tena mzee mwenye saa mbili.

Alipenda sana kutafuta maneno yanayofanana. Chai alikuta ni ileile, wao nao wanasema chai, akafurahi kama kapata ndugu. Mama ni mama. Pika kwao ni nukta, ile ya mwisho wa sentensi, kwa hiyo akina mama wakimwambia Dedek leo tunapika anasema basi mazungumzo yamekwisha. Ila iliyomfurahisha kupita zote ni moja. Kwa Kislovenia "moja" maana yake yangu. Siku ya ile bahati nasibu ya kuchangia madaftari ya watoto, mwendesha shughuli anachomoa namba ya kwanza, anapaza sauti, namba mojaaa! na Dedek kasimama kutoka nyuma kabisa, anatembea taratibu na mikono imenyooshwa, anasema asanteni, asanteni, ni yangu, mmetangaza wenyewe. Zawadi ilikuwa blanketi, na aliyeishinda ni dada mmoja wa Uvira, akamwachia kwa kucheka. Dedek alimrudishia Krismasi imefungwa ndani yake potica, ule mkate wao wa kuviringisha wenye karanga za walnati, ambao sasa hivi akina mama wetu wawili wanaupika vizuri kuliko wauzaji, na simung'unyi maneno.

Nadhani vijana wanamkumbuka kwa vichekesho tu na hiyo haitoshi. Kuna usiku mmoja, nafikiri 2017, tulikuwa tumegombana vibaya kikaoni, wale wa kambi hii wanasema wale wa kambi ile wamependelewa, mnakumbuka, kiti kilirushwa. Dedek alikuwa anaosha sahani. Akatoka na taulo begani akakaa katikati na akatuambia kwa mara ya kwanza yeye alifikaje hapa. Mwezi wa tano 1945, vita imeisha, wapiganaji wa Tito, kiongozi wa wakomunisti wa Yugoslavia, wameshika nchi, maelfu ya Waslovenia wanakimbia kwa miguu na mikokoteni kupitia njia ya mlimani ya Ljubelj kuingia Austria. Yeye mtoto, kapewa sufuria abebe na ameambiwa akiipoteza hakuna kula. Wakafika Vetrinje, karibu na Klagenfurt, uwanja tu wa wazi, wako chini ya Waingereza, wanalala chini ya mikokoteni. Wanajeshi wa Kislovenia waliokuwa wamepigana na Tito wakiwa upande wa Wajerumani waliambiwa wanapelekwa Italia, wakapakiwa, na treni zikawarudisha Yugoslavia, na wengi sana waliuawa. Kaka yake mkubwa alikuwa humo. Raia nao walikuwa wanafuata, mpaka daktari mmoja aliyekuwa anawaongoza pale kambini, Valentin Meršol, akaenda kuwasihi maofisa, na mwezi wa sita amri ikabadilishwa, raia wasirudishwe kwa nguvu. Daktari huyo naye baadaye alikuja kuishi hapahapa Cleveland.

Alivyosema habari ya kaka yake hakutia utani. Ndo mara pekee nilimwona uso wake umetulia namna ile, na ukumbi mzima watu waliokuwa wanarushiana viti dakika kumi nyuma wamekaa kimya wanamwangalia, kwa sababu humu ndani nani hana kaka wa namna hiyo. Kisha akaendelea, kambi ya Spittal miaka mpaka 1949, shule ambayo walimu wakimbizi waliianzisha wenyewe bila vitabu, foleni ya chakula, foleni ya daktari, mahojiano. Mahojiano! Hapo tukaanza kuchangamka, maana nani hayajui mahojiano. Akasema baba yake alivyoulizwa mara ya nne kwa nini unataka kwenda Marekani akajibu, nimeshasahau, nilikuja nikitegemea nyie mmeandika mahali. Jamani tulicheka mpaka yule aliyerusha kiti akalia. Sisi tuna ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, wao walikuwa na sanduku la mbao na kikaratasi cha jina kifuani. Mimi nimekaa Nyarugusu miaka 16 na tangu nifike nchi hii sijawahi kukutana na mzungu ambaye sikuhitaji kumweleza kambi ni nini. Huyu ndo alikuwa wa kwanza.

Na chama chetu kimejengwa kwa daftari lake, hili wanachama wapya mlijue. Kwenye kabati la ukumbi kuna daftari la zamani la chama chao kidogo, karatasi zimegeuka njano, mwandiko wa kalamu ya wino. Alitufungulia akatusomea. Wale wa kwanza waliokuja walikuwa wachimba madini na watu wa viwanda vya chuma, mtu akifia kazini mjane anabaki na watoto na hana hata hela ya jeneza, kwa hiyo wakaanza kuchanga senti kidogo kidogo kila mwezi, ukiugua unatumiwa kitu, ukifa unazikwa na mkeo anabakiziwa. Vyama hivyo vikaungana vikawa vikubwa, KSKJ ilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1894 na SNPJ ikaanzishwa Chicago mwaka 1904, na viko mpaka leo. Tulivyosikia hayo mzee wetu wa mji wa Baraka akasimama akasema, kumbe hiki ni chama cha kufa na kuzikana! Dedek akamwomba amrudie hilo jina, kufa na kuzikana, akaliandika kwenye mkono. Tukamuuliza kama tunaweza kuiga taratibu zao. Akasema igeni, wenyewe wote wameshazikwa, na wamezikwa vizuri.

Tukaiga. Ada maalum ya kila mwezi badala ya kofia, saini mbili kwenye kila hundi, watu wawili wa kwenda kumwona mgonjwa kabla wiki haijaisha, waende kweli wasitume meseji. Na kile alichong'ang'ania kuliko vyote, kwamba baada ya kikao watu wale chakula pamoja, hata kama ni kidogo. Mweka hazina wetu alipinga kwa sababu ya gharama na nilimuunga mkono, leo nakiri mbele yenu tulikosea. Dedek alisema kikao bila supu ni mahojiano. Mwaka tulioanza kupika mahudhurio yalipanda na hayajashuka, na watu wanalipa ada kwa sababu wamekuja, hawaji kwa sababu wanadaiwa ada.

2019 tulivyobishana kupandisha ada kutoka dola 10 kwenda 15 alitupeleka kutembea mtaani, sisi tulikuwa kama ishirini, mpaka maeneo ya East 61 na 62 kaskazini mwa St. Clair. Akatusimamisha. Tarehe 20 Oktoba 1944 matangi ya gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ya kampuni ya East Ohio Gas, yalivuja yakalipuka hapo, gesi ikaingia kwenye mitaro ya maji machafu ikawaka chini ya barabara, watu 130 wakafa na nyumba 79 zikaisha, mtaa wa Waslovenia katikati. Yeye hakuwepo, alifika miaka mitano baadaye, ila aliishi nyumba moja na watu waliokuwepo. Alituambia wengi walitaka kuhama wasirudi tena, na kuna mzee mmoja wa mazishi ambaye pia alikuwa mtu wa benki, Anton Grdina, akakusanya watu na hela wakajenga nyumba mpya palepale ili mtaa usife. Hakutuambia pandisheni ada. Alituonyesha tu nyumba. Kura ilipita siku hiyohiyo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshajiunga yeye mwenyewe. Alitimiza miaka 80, akaja na dola zake mezani anataka fomu. Tukasema Dedek wewe ni mgeni wa heshima huhitaji kulipa. Akakasirika kidogo, kweli, akasema mgeni hana kura. Halafu akamtazama mweka hazina, akamwambia, wewe biashara huijui, unakubali vipi mteja ambaye ameshavaa koti anatoka. Akajaza fomu, namba yake ya uanachama ni 212, na kwa miaka sita hajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Nawaomba wale wa kule kona mlitafakari hilo.

Muziki nisiuache. Waslovenia wa Cleveland wana polka yao, na mfalme wake alikuwa Frankie Yankovic, kijana wa Collinwood aliyeuza rekodi milioni ya "Just Because" na 1986 akapata tuzo ya kwanza kabisa ya Grammy ya polka. Dedek alikuwa na kodiani yake ya vitufe, anapiga akiwa amefumba macho. Kaka zetu wa gitaa wakaanza kumfuata nyuma, na mzee wetu mmoja akamweleza kuwa hata Léopoldville, Kinshasa ya leo, zamani kodiani ilikuwepo, Camille Feruzi alikuwa fundi wake, Dedek hakuamini mpaka tulipomchezea kwenye simu. Alisikiliza yote. Akasema sasa nimeelewa, rumba ni polka iliyoshiba. Na mnajua alivyokuwa akijivunia wale Kurenti wao, watu wa ngozi za kondoo wanaofukuza baridi, UNESCO imewaandika kwenye orodha yake 2017, ikawa kila akitusalimia anatukumbusha. Desemba 2021 rumba ya Kongo nayo ikaandikwa, nikampigia simu usiku. Akanyamaza kidogo, akasema, haya, mmetufikia, njooni kesho tunywe.

Mwaka huu wenyewe ulianza naye vizuri. Februari alitupeleka na watoto kwenye Kurentovanje pale St. Clair, sherehe ya kufukuza baridi iliyotoka kwao Ptuj, watu wamevaa ngozi za kondoo mwili mzima, ulimi mwekundu unaning'inia mpaka kifuani, kengele kubwa kiunoni zinapiga kila wakiruka. Watoto wetu wawili walikimbilia miguuni kwake na yeye akawaambia msiogope, huyo wa kushoto ni fundi bomba wangu. Aprili 8 jua likapatwa, mnakumbuka, Cleveland nzima imejaa wageni, giza karibu dakika nne saa tisa na robo mchana. Sisi tulikuwa uwanjani nyuma ya ukumbi na yale miwani ya karatasi. Mwanga ulivyorudi watu wanapiga makofi, wengine wanalia, Dedek akasema, hawa wamelipa hoteli kuja Cleveland kuona jua linapotea, na sisi tunalipoteza bure kila mwaka Novemba mpaka Machi.

Kuanzia Agosti alianza kuchoka. Kamati ya wagonjwa ilikwenda kila wiki bila kukosa, nawashukuru kwa majina mtanisamehe siyataji. Alituambia, daktari amesema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi, nikamjibu marehemu mke wangu aliligundua hilo zamani na hakunitoza senti. Jumapili ya mwisho ya Septemba nilikuwa naye hospitali, tunaangalia mashindano ya dunia ya baiskeli kutoka Zürich kwenye simu yangu, na Tadej Pogačar, kijana wa Komenda, si mbali na kijiji chake, anaelekea kushinda, kilometa zaidi ya 50 za mwisho yuko peke yake hakuna wa kumfikia. Dedek kashika mkono wangu kwa nguvu machozi yanamtoka, akasema, mwangalie, kilometa hamsini hana mtu wa kupiga naye stori, mimi ningekata tamaa kwenye ya pili. Hayo ndo mazungumzo yetu marefu ya mwisho. Alifariki Oktoba, usiku, amelala, saa zote mbili mkononi.

Misa ilikuwa kwa Kislovenia, na padri akatuachia nafasi akina mama wetu waimbe kwa Kiswahili. Walianza vizuri halafu sauti zikakatika, wakamaliza wazee wa Kislovenia kwa kuguna tu tuni maana maneno hawayajui. Baada ya makaburini wao wana chakula cha msiba wanakiita sedmina, tukarudi ukumbini, meza zimejaa klobase, zile soseji zao za kitunguu saumu, potica, supu. Supu ilikuwa nyingi sana.

Sasa hapa kuna jambo la hesabu ambalo lazima liingie kwenye taarifa. Namba 212 alikuwa mwanachama hai, hana deni, na katiba haimbagui mtu, kwa hiyo siku ya pili ya msiba mimi na mweka hazina tulipeleka kwa binti yake rambirambi kamili kama ya mwanachama yeyote. Tulidhani atakataa, wana bima yao ya chama chao. Akapokea bila maneno, na niseme ukweli tulishangaa kidogo. Kwenye sedmina akasimama, ana karatasi ya mwandiko wa baba yake. Akasoma kwamba hela itakayoletwa na watu wa kufa na kuzikana, na aliandika hivyohivyo kwa Kiswahili, kufa na kuzikana, inunue chakula chote cha siku hiyo, waile wenyewe hela yao, na atakayeondoka na njaa arudishiwe ada. Nimehudhuria misiba mingi maishani mwangu, mingine sitaki kuikumbuka. Sijawahi kusikia watu mia tatu wanacheka na kulia kwa pamoja namna ile, Waslovenia na sisi, hujui nani anamshika nani.

Kamati inawaomba mpitishe mambo mawili leo. Kwanza, gharama ya supu ya kila kikao iingizwe rasmi kwenye bajeti, isiwe tena ya kuombana. Pili, wale wazee wenzake sita waliokuwa wakicheza naye karata, wanne sasa hivi wako nyumba ya kutunzia wazee na mmoja hana mtoto hata mmoja mji huu, kamati yetu ya wagonjwa iwatembelee kama inavyowatembelea wanachama. Wanajua kusema karibu na wanajua kusema moja, mtaelewana.

Kuhusu kununua jengo letu wenyewe, mazungumzo yanaendelea na mweka hazina ataeleza tulichonacho. Waslovenia walifungua ukumbi wao mkubwa wa St. Clair mwaka 1924 baada ya vyama vidogo vidogo kununua hisa kidogo kidogo, na Dedek alikuwa na msemo wao mmoja akituona tuna haraka, počasi se daleč pride, ukienda polepole unafika mbali. Mzee wa Baraka alimwambia huo ni wetu. Hawakumaliza huo ubishi.

Saa ya mkono wa kushoto binti yake ametukabidhi. Iko hapa mezani kwa katibu, bado inatembea, hatujaigusa. Kikao kijacho ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nane kamili kwa hiyo saa.